Tuliambiwa na Nani? Dhima ya Kamanda katika Masimulizi ya Kambi za Vita

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kuuliza maswali mawili kila tunaposhika kitabu: mwandishi anasema nini, na anakisemaje. Maudhui na fani. Ukijibu vizuri hayo mawili, na ukaongeza kidogo juu ya muktadha na migogoro ya kitabaka, mwalimu anakupa alama zako unakwenda zako kantini. Katika makala haya nataka kuongeza swali la tatu, dogo sana, ambalo sikulipata darasani. Nililipata kwetu Mbaga, wilaya ya Same, barazani kwa marehemu babu yangu. Swali lenyewe ni hili: na nani?

Babu alikuwa askari wa jeshi la mkoloni. Wakati wa Hali ya Hatari nchini Kenya, kuanzia Oktoba 1952 hadi Januari 1960, vikosi vya KAR vya Tanganyika vilipelekwa kule kupigana na Mau Mau, na yeye alikuwa miongoni mwa vijana wa milimani waliokwenda. Ukisimama Mbaga upande wa mashariki, asubuhi kabla ukungu haujapanda, unaiona mbuga ya Mkomazi yote chini yako, na nyuma yake nchi ya Kenya, tambarare ya kijivu isiyo na mwisho. Babu alikuwa akikaa akiangalia huko. Habari za msituni alizisimulia kwa vituko na vicheko. Habari za miezi aliyolinda kambi ya mahabusu, ambayo jina lake hakupata kulitaja, alizisimulia kwa namna nyingine kabisa.

"Tuliambiwa tusiongee nao," alisema. "Tuliambiwa tuwahesabu asubuhi na jioni. Tuliambiwa maji ni pipa moja kwa kila uzio, basi."

"Mliambiwa na nani, babu?"

"Na nani tena, mjukuu wangu? Afande."

"Afande yupi?"

Akacheka, akagonga kikopo chake cha ugoro. "Umeshaanza kesi wewe." Watani wetu husema Mpare yuko radhi auze ng'ombe apate kushinda kesi ya kuku, na babu alipenda kututania sisi wenyewe kwa maneno hayo hayo. Mazungumzo yakaishia hapo, tukaletewa makande.

Niliporudi chuoni muhula ule tulikuwa tunasoma kauli za kitenzi. Nikashituka. Lugha yetu ina uwezo mkubwa wa kumtaja mtendewa na kumwacha mtenda nje ya mlango. *Walipigwa.* Sentensi imekamilika, sarufi imeridhika, hakuna kilichopungua. Ukitaka kumjua aliyepiga, itakubidi uongeze kijineno *na*, na hakuna sheria ya sarufi inayokulazimisha kukiongeza. Kauli ya kutendeka ni mbaya zaidi: *mkono ulivunjika*. Hapo hata ukitaka kuweka *na* sentensi inakataa. Mkono umevunjika wenyewe, kama tawi. Halafu kuna ule mtindo wa *-ka-* wa masimulizi: wakafungiwa, wakaugua, wakafa. Matukio yanafuatana kama mabehewa ya treni wala hatuoni kichwa cha treni kiko wapi.

Sisemi kwamba Kiswahili ni lugha ya kuficha wahalifu. Kila lugha ina vichaka vyake, na anayejificha ni mtu. Ninachosema ni kwamba masimulizi ya gerezani wakati wa vita, yawe ya mfungwa, ya mlinzi au ya serikali, hupungukiwa *na* mahali pale pale: juu ya mlinzi wa geti. Yule wa chini tunamwona. Fimbo tunaiona. Aliyeweka utaratibu, aliyegawa maji, aliyechagua walinzi, aliyeletewa taarifa akaisoma akaiweka saini, huyo hayumo.

Wanasheria nao wana jina la jambo hili. Husema dhima ya kamanda. (Nimegundua kwamba dhima kwetu ni kazi ya fasihi katika jamii, kwao ni mzigo unaoweza kumfikisha mtu kitanzini. Pengine idara mbili hizi zingekunywa chai pamoja mara moja moja.) Kwa ufupi, sheria hii inasema kwamba kiongozi wa kijeshi anaweza kuhukumiwa kwa maovu ya walio chini yake hata kama hakutoa amri. Mahakama huuliza mambo matatu. Je, hao waliotenda walikuwa chini yake kwa kweli, yaani alikuwa na uwezo wa kuwazuia? Je, alijua, au alikuwa na sababu ya kujua? Na je, alifanya nini: alizuia, aliadhibu, au alikaa kimya? Tazameni, wenzangu, kwamba maswali yote matatu yanatafuta *na* iliyodondoka. Mahakama inafanya uhakiki wa kauli ya kutendwa.

Kambi ya wafungwa ndipo mahali panapofaa zaidi kwa sheria hii, kuliko uwanja wa mapigano. Vitani kamanda anaweza kusema risasi zilikuwa nyingi, moshi ulitanda, sikuona. Kambi haina moshi. Ina ukuta, ina daftari, ina idadi ya vichwa asubuhi na jioni, ina stoo ya unga. Watu wakipungua, daftari linasema. Mkataba wa tatu wa Geneva wa mwaka 1949, unaohusu mateka wa vita, umeliona hilo. Kifungu cha 12 kinasema mateka wako mikononi mwa dola iliyowateka, siyo mikononi mwa askari au kikosi kilichowakamata. Kifungu cha 39 kinataka kila kambi iwe chini ya afisa mwenye kamisheni wa jeshi la kawaida, naye awe na nakala ya mkataba. Kifungu cha 41 ndicho kilichonifurahisha mimi mtu wa lugha: mkataba ubandikwe kambini, katika lugha ya mateka wenyewe, mahali ambapo wote wanaweza kuusoma. Yaani waliouandika walijua kwamba mfungwa asiyejua amewekwa pale kwa sheria gani hawezi kuuliza na nani.

Mifano ya dunia ni mingi, nitataja mitatu tu. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kambi ya Andersonville, jimbo la Georgia, iliua karibu wafungwa 13,000 kwa njaa, maji machafu na maradhi, mwaka 1864 na 1865. Kamanda wa ndani wa kambi, Kapteni Henry Wirz, alinyongwa Novemba 1865. Mkubwa wake, Jenerali John Winder, aliyesimamia magereza ya upande ule, alikuwa amekwisha kufa Februari mwaka huo huo, kwa hiyo lawama yote ikamwangukia aliyebaki hai. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Jenerali Yamashita wa Japani alihukumiwa Manila kwa maovu ya majeshi yake nchini Ufilipino, yakiwemo waliyotendewa mateka, akanyongwa Februari 1946, ingawa majaji wawili wa Mahakama Kuu ya Marekani walipinga wakisema haikuthibitishwa kwamba aliyajua. Mfano wa tatu ni kambi ya Čelebići huko Bosnia, ya mwaka 1992. Hukumu yake ilitolewa The Hague mwezi Novemba 1998. Zdravko Mucić, aliyekuwa kamanda wa kambi, alipatikana na hatia kwa sababu ya madaraka yake juu ya walinzi. Zejnil Delalić, aliyekuwa na cheo kikubwa lakini hakuthibitika kuwa na uwezo wa kuiamuru kambi, aliachiwa. Hapo sheria ilipiga hatua ambayo sisi wahakiki tunapaswa kuiiga: haikutazama nyota mabegani, ilitazama nani hasa alikuwa akisikilizwa akisema "acha".

Wala jambo hili haliko mbali nasi. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyoundwa mwaka 1994 na kumaliza kazi mwishoni mwa mwaka 2015, ilikaa Arusha, mwendo wa basi la asubuhi kutoka stendi ya Same. Kifungu cha 6 cha sheria yake kilibeba dhima hii hii, na maofisa wa jeshi wa Rwanda walishitakiwa kwayo.

Sasa turudi Kenya, ng'ambo ya Mkomazi, maana ndipo babu alipokuwa.

Juni 1953 aliwasili Nairobi Jenerali George Erskine kuwa Amiri Jeshi wa Afrika Mashariki. Waziri Mkuu Churchill alikuwa amempa barua ya kumruhusu kutangaza utawala wa kijeshi, na kuchukua nchi nzima mkononi mwake, pindi akiona lazima. Wanahistoria wanasimulia kwamba aliibeba barua hiyo ndani ya kibweta cha miwani yake, na kwamba katika vikao na wakubwa wa serikali alikuwa akikifungua na kukifunga kibweta kile, *ta!*, bila kusema neno. Hakuitumia kamwe. Mimi naona hakuna mwandishi wa riwaya angebuni kitu kizuri kuliko hicho. Madaraka yote ya nchi yamo ndani ya kibweta cha miwani, mwenye nayo anakichezea, na wakati wa kuulizwa anaweza kusema magereza hayakuwa yangu.

Na kwa kweli ndivyo kazi ilivyogawanywa. Wiki chache baada ya kufika, Erskine aliwaandikia maofisa wake kukataza kupiga na kutesa watu, na kapteni mmoja wa jeshi, Griffiths, alifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi akafungwa. Tusimwonee, aliyafanya hayo. Lakini alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954 majeshi yake yaliuzunguka mji wa Nairobi katika operesheni iliyoitwa Anvil. Watu wa Kikuyu, Embu na Meru walichujwa mtaa kwa mtaa. Wasaliti walivikwa magunia yenye matundu ya macho wakawa wanatikisa kichwa: huyu ndiyo, huyu siyo. (Mtoa ushahidi ndani ya gunia! Mtenda asiye na jina, amevaa kauli ya kutendwa mwilini.) Zaidi ya watu 20,000 waliishia kizuizini, wengi wao wakipelekwa Langata, Mackinnon Road na Manyani. Jeshi likikamata, linakabidhi. Ng'ambo ya makabidhiano yale yuko bwana jela, yuko bwana shauri, yuko kamishna wa magereza. Manyani kulijaa haraka kuliko maji na vyoo vilivyokuwepo, na mwaka huo huo homa ya matumbo ikazuka ikaua watu. Nani aliwaua hao? Hakuna aliyewapiga. *Waliugua.* Lakini operesheni ya kukamata maelfu ilipangwa na jeshi, kwa ramani na kalenda, na mwenye kupanga kukamata watu wengi kiasi hicho anajua, au ana sababu ya kujua, kwamba watakunywa maji.

Hapa nataka msomaji atue kidogo kwenye msamiati, kwa sababu ndipo fani inapozaa maudhui. Kiswahili kina majina mengi ya mtu aliyefungiwa. *Mateka* ametekwa vitani. Yuko mikononi mwa jeshi, na Geneva inamtambua. *Mfungwa* amehukumiwa, ni wa hakimu na jela. *Mahabusu* anangoja kesi. Ni wa polisi na mahakama. Na yule aliye *kizuizini*? Hakutekwa, hakuhukumiwa, hangoji kesi. Ni wa nani? Jina lenyewe limeundwa kwa mahali badala ya mtu. Waingereza hawakukubali kuyaita mapigano ya Kenya vita. Waliyaita Hali ya Hatari. Mikataba ya mwaka 1949 waliitia saini lakini hawakuiridhia mpaka Septemba 1957. Kwa hiyo maelfu wakawa watu wa kizuizini, jina lisilo na mwenyewe. Babu naye alikuwa akiwaita "wale".

Baadhi ya waliokuwa karibu waliona. Kanali Arthur Young, aliyeletwa kuongoza polisi mwanzoni mwa 1954, alijiuzulu Desemba mwaka huo huo kwa sababu uchunguzi wake wa maovu ulikuwa ukizuiwa na walio juu. Mwaka 1957 mwanasheria mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, alimwandikia gavana kueleza ni nguvu ya namna gani iruhusiwe kambini, akaongeza kwamba kama ni kutenda dhambi basi itendwe kimya kimya. Nilipolisoma hilo nilifikiri sana juu ya neno kimya. Wahakiki tunalitumia kwa sifa: ukimya wa msanii, nafasi anayomwachia msomaji ajaze. Kumbe kuna ukimya unaopangwa ofisini kwa barua.

Kisha Hola. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola kando ya mto Tana, walinzi waliwapiga kwa marungu mahabusu waliokataa kufanya kazi. Watu 11 walikufa. Tamko la kwanza la serikali lilisema vifo vilitokea baada ya watu hao kunywa maji kutoka gari la maji.

Hebu tulihakiki tamko hilo kama tunavyohakiki shairi. Mtenda ni nani? Maji. Kiunganishi ni kipi? *Baada ya.* Sentensi haisemi maji yaliua. Ingesema hivyo ingekuwa uongo mtupu na mtu angeweza kuupinga. Inaweka kunywa mbele na kufa nyuma, halafu inamwachia msomaji ashone. Ni ufundi huo. Katika darasa la ushairi tungesema mwandishi ametumia mbinu ya taharuki, tungempa alama. Daktari alipochunguza maiti, na hakimu aliposikiliza, ikadhihirika kwamba walikufa kwa kipigo. *Na* ikaanza kurudi: walipigwa na walinzi. Ikapanda ngazi moja: walinzi walikuwa chini ya kamanda wa kambi. Ngazi ya pili: mpango wa kuwalazimisha watu kufanya kazi ulikuwa umeandikwa na John Cowan, afisa wa ngazi ya juu wa magereza. Ngazi ya tatu: ulipelekwa Nairobi ukakubaliwa. Hapo *na* ikachoka. Hakuna aliyeshitakiwa kwa mauaji. Kamanda wa kambi alistaafishwa. Bungeni London, Julai 1959, hata mbunge wa chama tawala, Enoch Powell, alisimama kudai kwamba lawama isiachwe kwa wadogo huku wakubwa wakiendelea na nafasi zao. Hawakuondoka.

Ndiyo maana nasema kazi ilibaki kwa waandishi. Na hapa tunao wa kutosha, japo hatuwasomi kwa jicho hili.

Katika kitabu chake cha mwaka 1963 juu ya maisha yake kizuizini, J. M. Kariuki anajitokeza kama mtu aliyeijua ngazi ya madaraka kuliko walinzi wake. Alikuwa akiandika barua za malalamiko, akizitorosha nje, akizielekeza kwa wakubwa wa serikali na kwa wabunge Uingereza. Aliadhibiwa kwa barua hizo. Wahakiki wengi husifu ushujaa wake, sawa, lakini mimi nasifu anwani. Kila bahasha ni jibu la swali "na nani". Gakaara wa Wanjau, ambaye shajara yake ya kizuizini kwa Kigikuyu ilipata Tuzo ya Noma mwaka 1984, alifanya jambo jingine: aliandika siku kwa siku. Shajara haiwezi kusema "wakafa" tu. Inabidi iseme Jumatatu.

Ngugi wa Thiong'o katika *A Grain of Wheat* (1967) amebuni kambi ya Rira, ambamo wanakufa watu 11, idadi ile ile ya Hola. Kisha akafanya jambo ambalo wenzetu wengi humlaumu kwalo: akamwingiza bwana mkubwa wa kambi, John Thompson, kama mhusika mwenye nafsi. Ana mke, ana ndoto, anaandika kitabu juu ya Prospero barani Afrika. Nimesikia kwenye semina moja kwamba huo ni ulegevu wa kiitikadi, kumpa mkoloni ubinadamu. Sikubali. Mkoloni akiwa zimwi hahitaji kuhukumiwa, anahitaji kuzinguliwa. Kwa kumpa kichwa chenye mawazo, Ngugi amempa pia sababu ya kujua, na mwenye sababu ya kujua ndiye sheria inayemtafuta.

Na kwa Kiswahili? Tunacho kitabu kikongwe cha Padri Samwil Sehoza wa UMCA, *Mwaka katika Minyororo*, kilichotolewa London mwaka 1921, juu ya kufungwa kwake na Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza. Vita hiyo tunaijua sisi watu wa Same. Mei 1916 majeshi ya Smuts yaliteremka kufuata reli ya Usambara na mto Pangani, reli ile ile inayopita chini ya milima yetu, Wajerumani wakirudi nyuma mbele yao. Angalieni jina la kitabu: kuna muda, kuna kifaa, hakuna mtu. Mwaka, minyororo. Aliyefunga hayupo kwenye jalada. Sitaki kumlaumu padri. Mtu aliyetoka kwenye minyororo ana haki ya kuitaja minyororo kwanza. Lakini nashangaa kwamba miaka mia moja baadaye kitabu hicho hakimo kwenye orodha yoyote ya kusoma niliyopewa. Riwaya zetu nilizosoma juu ya vita ya Kagera nazo zimejaa safari, mizinga na ushindi. Mateka tuliowashika wanapita ukurasa mmoja wakiwa wamenyoosha mikono juu, na hatuambiwi usiku ule walilala wapi na nani aliwapa chakula.

Swali halikufa na wazee. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa imeficha maelfu ya majalada ya makoloni yake huko Hanslope Park, yakiwemo ya Kenya. Mbele ya Mahakama Kuu ya London ilikuwa ikijitetea kwamba dhima yote ilihamia serikali ya Kenya siku ya uhuru, 1963. Makabidhiano mengine tena! Jaji alikataa hoja hiyo, na Oktoba 2012 akaruhusu kesi iendelee. Mmoja wa walalamikaji, Wambugu wa Nyingi, alikuwa amepigwa Hola mpaka akazimia, akalazwa pamoja na maiti, akazindukia humo. Juni 2013 serikali ilikubali kuwalipa watu 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9, ikaeleza masikitiko yake. Masikitiko hayo niliyasoma kwa makini. Yanakubali kwamba watu waliteswa, na yanataja utawala wa kikoloni. Mtu hakutajwa.

Likizo ya mwisho kabla babu hajafariki nilimuuliza tena, kwa njia nyingine. Sikuuliza nani. Niliuliza habari za maji.

"Shikamoo babu. Lile pipa moja la maji, lilitosha?"

"Marahaba. Halikutosha hata kidogo. Wale watu walikuwa wanalamba umande kwenye mabati." Akanyamaza. "Ila Jumamosi yalitosha."

"Kwa nini Jumamosi?"

"Jumamosi bwana mkubwa alikuwa anakuja kukagua. Mapipa yanakuwa manne. Wagonjwa wanahamishwa nyuma ya stoo. Sisi tunapiga pasi."

"Kila Jumamosi?"

"Kila Jumamosi mjukuu wangu, kama kanisa."

Nimeitafakari sana Jumamosi hiyo. Kwa upande mmoja inaweza kumtetea bwana mkubwa: alionyeshwa mapipa manne, angejuaje? Lakini mtu aliyezoea jeshi anajua ukaguzi wa kila wiki, siku ile ile, saa ile ile, ni ukaguzi wa kupiga pasi. Angeweza kuja Jumatano. Kutokuja Jumatano hata mara moja ni uamuzi, na nadhani mahakama ya aina ya Čelebići ingemuuliza hilo kabla ya mengine yote. Nilipomweleza babu hivyo alinitazama kwa muda.

"Na mimi?" akauliza. "Mimi nilikuwepo Jumatano."

Sikuwa na jibu siku ile, na sheria niliyoieleza hapo juu haifuti la kwake: mlinzi hatoki hatiani kwa sababu kamanda ameingia. Nilimjibu tu kwamba pipa hakuligawa yeye. Akasema, "Ndiyo, lakini nililihesabu."

Kuna wazee wengine wachache waliobaki. Nimeambiwa yupo mmoja upande wa Kihurio, miaka tisini na ushee, bado anasikia vizuri ukikaa upande wake wa kulia. Likizo hii nakwenda na kinasa sauti. Nimekwisha andika maswali kwenye daftari, na nimeyapanga upya mara mbili. La kwanza halihusu vita wala amri. Linauliza maji ya kambini yalikuwa yakitoka wapi, yakiletwa na nani, na siku za katikati ya wiki yalikuwa mapipa mangapi.